Futi Haijui Sababu

Mimi ni fundi. Nimevizungushia futi
viuno vya nusu ya mji wa Kasese:
gomesi za harusi, sare za shule, koti la mchungaji
aliyevuta tumbo ndani mpaka nikamwambia, pumua, baba,
kitambaa hakitoi hukumu.

Jumanne ile nilijipima mwenyewe
kwa kuwa sketi iligoma nyongani.
Mia moja na nne.
Nikapima tena. Mia moja na nne,
na tangu jana nimekula matonge mawili ya bundu
na mboga ya kulamba kidole.

Mtaani walifurahi.
"Kabugho, hela zimekuingia!"
Mama Thembo alinipiga kofi la mgongoni:
"Sasa Baluku ana mke."
Ningemweleza nani
kwamba nyama hii haikutoka sahanini?

Kwamba saa saba mchana, jua likichemsha mabati,
navaa sweta la Baluku na bado natetemeka;
kwamba nywele zinabaki kwenye kitana
kama nyuzi za pindo lililofumuka;
kwamba nilimkabidhi mtu shati bila vifungo,
mtu aliyenilipa kamili;
kwamba sauti yangu imekuwa ya marehemu baba
alipopanda kutoka shimo la shaba Kilembe,
vumbi limemkaa kooni.

Nikaacha sukari. Nikaacha chapati.
Kila alfajiri nikapanda mlima hadi Kyanjuki,
nikarudi na usingizi, wepesi nikauacha hukohuko.
Futi: mia moja na saba.

Sista Nyangoma hakuniuliza nakula nini.
Alikuwa mtu wa kwanza.
Alisimama nyuma yangu, kama nisimamavyo mimi
nyuma ya mteja nikimpima mabega,
akaniwekea vidole shingoni. "Meza mate."
Nikameza. "Tena."
Kitu kikapanda, kikashuka chini ya vidole vyake.

"Hii ni tezi," akasema. "Ina mabawa mawili, kama kipepeo.
Kazi yake ni kuchochea moto wa mwili mzima.
Nadhani yako imelala.
Jiko likififia, hata kuni chache hugeuka rundo.
Futi yako inajua kiasi, mama. Sababu haiijui."

Damu yangu ikapanda basi, ikaenda Mbarara.
Siku tisa baadaye ikarudi karatasi,
namba moja imepigiwa mistari miwili.

Kidonge ni kidogo kuliko kifungo cha shati la mtoto.
Alfajiri, kwa maji matupu. Chai ingoje.

Mwezi wa tatu nilivua sweta.
Sauti ilirudi siku ambayo sikuitarajia;
nilimwita mwanangu, akaja mbio
akidhani kuna mgeni.
Na futi? Mia moja na mbili.
Sista alishanionya: kitakachotoka, kingi ni maji,
kinachobaki ni chako, utapambana nacho kama wengine.
Sikununa.
Nilinuna siku mbili.

Kisha binamu yangu Biira, ambaye tezi yake haina kosa,
alichota vidonge vyangu kwenye kopo la vifungo.
Alitaka kiuno cha harusi ya Desemba.
Alimeza vitatu vitatu, kimyakimya.
Usiku wa nne wakanigongea dirisha:
moyo wake ulikuwa unakwenda
kama charahani isiyo na kitambaa,
sindano ikitwanga chuma.

Alipona. Alilia sana, kisha akacheka kwa aibu,
akauliza kama nina hasira.
Nilikuwa nayo. Nikachukua futi,
nikampima mwili alio nao,
nikaandika namba bila kuitaja,
na ndani ya mshono, upande wa kushoto,
nikaacha sentimita tatu za akiba.